Malale Si Usingizi Mwingi

Nimesikia mwanafunzi akimtania mwenzake aliyesinzia kwenye mhadhara: "Wewe una malale!" Kwetu Kasenyi, kando ya Ziwa George, neno hilo lina historia nzito. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo, unaoenezwa na mbung'o, uliifanya serikali ya kikoloni kuwahamisha watu waliokaa kandokando ya Ziwa George na Ziwa Edward. Mwaka 1952 eneo hilo likawa hifadhi ya wanyama, na kijiji chetu cha wavuvi kimo humo hadi leo.

Wengi hudhani mgonjwa wa malale hulala kupita kiasi. Sivyo. Tuanze na mtu mzima wa afya. Akifumba macho kupumzika, mawimbi ya umeme wa ubongo wake hupiga mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Haya ndiyo alfa. Usingizi ukimchukua hupungua kasi, mpaka kwenye usingizi mzito yanakuwa makubwa na ya polepole, chini ya 4 kwa sekunde. Hapo ukimwamsha atababaika. Baada ya kama dakika 90 huja usingizi wa ndoto: mawimbi hufanana na ya aliye macho, macho hucheza chini ya kope, lakini misuli imelegea kabisa. Mzunguko hurudia. Usingizi mzito hujaa mwanzo wa usiku, ndoto hurefuka kuelekea Alfajiri. (Kwa hiyo anayelala saa 8 usiku na kuamka saa 11 hupoteza zaidi ndoto.)

Vimelea vya malale vikifika kwenye ubongo, mpangilio huu huvurugika. Wagonjwa waliopimwa mawimbi ya ubongo walilala vipande vipande usiku na mchana, na mara nyingi waliingia kwenye ndoto moja kwa moja, bila kupitia usingizi mzito. Jumla ya saa zao haikuzidi sana. Wakitibiwa vizuri, mpangilio hurudi.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa malale ya aina ya gambiense si tatizo la afya ya umma tena Uganda. Aina ya rhodesiense ingalipo. Basi mwenzako aliyetoka penye mbung'o, akiwa na homa, anakesha usiku na kusinzia mchana, mpeleke akapimwe damu.