Mashine ya Kuosha Vyombo Ikivuja, Usikimbilie Kumlipa Fundi

Ndugu yangu uliye Toronto, ukikuta maji chini ya mashine ya vyombo, usiguse kwanza hela ya kutuma nyumbani. Zima umeme wa mashine, funga koki chini ya sinki, kausha sakafu, halafu kagua.

1. Povu linatoka mlangoni? Huenda ilitiwa sabuni ya kuoshea kwa mkono. Tumia ya mashine tu.
2. Maji yanatoka mlangoni bila povu? Futa raba ya mlango. Kama imechanika, ibadilishwe.
3. Maji yamesimama ndani? Safisha chujio.
4. Yanatoka kwa chini? Angalia mipira ya maji. Ukiona pingu iliyolegea, ikaze kwa bisibisi.

Bado inavuja? Kama umepanga na mashine uliikuta humo, sheria ya upangaji ya Ontario ya 2006 inamtaka mwenye nyumba aitengeneze, isipokuwa wewe ndiye uliyeiharibu kwa makusudi au uzembe. Mwandikie, weka picha na tarehe. Akinyamaza, peleka fomu T6 kwa Landlord and Tenant Board. Lakini usikate kodi mwenyewe: unaweza kufukuzwa nyumba kwa sababu ya matone ya maji.