Somo la 9: Kati ya Ahadi na Cheti

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Yer. 28:1–4, 29:4–14, Mdo 22:25–29, 24:22–27, Rum. 8:15–25, Zab. 87, Law. 19:33, 34, Ebr. 11:8–16.

Fungu la kukariri: Warumi 8:25. Lisome kila siku juma hili katika Biblia yako, na Sabato uliseme mbele ya darasa bila kutazama.

Darasa moja la Shule ya Sabato hapa Katandala, Sumbawanga, lilikuwa likijadili Waebrania 11. Mwalimu akasema, kama tulivyozoea wote kusema, kwamba duniani sisi ni wageni na wasafiri, hapa si kwetu. Washiriki wakaitika "Amina." Ndugu mmoja aliyekaa nyuma, fundi cherehani, akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "ninyi mkisema hivyo mnarudi nyumbani mnakula ugali wenu kwa amani. Mimi nikisema hivyo naingiwa na hofu. Ninyi ni wageni wa mahubiri. Mimi ni mgeni wa ofisini."

Darasa likanyamaza. Ndugu huyo alizaliwa Tanzania, katika makazi ya wakimbizi, kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka 1972. Hajawahi kuishi nchi nyingine. Ombi lake la uraia lilikuwa bado liko njiani, na kila alipokwenda kuuliza aliambiwa asubiri.

Juma hili tutajifunza juu ya kungoja kwa namna hiyo: kungoja neno la mwenye mamlaka, wakati wewe mwenyewe umekwisha kufanya yote uliyotakiwa kufanya. Biblia ina mengi ya kusema juu yake, na ina jambo la kutuambia pia sisi ambao hatungojei cheti chochote.

Jifunze somo hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Watu Waliokubaliwa Wakangoja

Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji nchini Burundi wakaingia Tanzania. Serikali iliwapa ardhi katika makazi matatu: Ulyankulu huko Tabora, na Katumba na Mishamo katika wilaya ya Mpanda, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya mkoa wetu wa Rukwa kabla mkoa wa Katavi haujaanzishwa mwaka 2012. Walifyeka pori, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakajenga nyumba za ibada, wakazaa watoto na wajukuu.

Mwaka 2007 walipewa nafasi ya kuchagua: kurudi Burundi, au kuomba uraia wa Tanzania. Walikuwa kama 218,000. Karibu wanne katika kila watano walichagua uraia. Mwaka 2010 ikajulikana kwamba maombi ya watu zaidi ya 162,000 yamekubaliwa. Walitakiwa kuukana uraia wa Burundi, kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Lakini wengi wao hawakupewa cheti, kwa sababu mpango ulikuwa kwamba kwanza wahame makazi yale na kutawanyika katika mikoa mingine. Mpango huo ukakwama. Vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014.

Fikiri juu ya miaka ile. Uraia wa zamani wameuacha. Uraia mpya wamekubaliwa, lakini mkononi hawana kitu cha kuonyesha. Wameambiwa watahama, hawajui lini. Mtu aliye katika hali hiyo atapanda mwembe? Ataezeka upya paa la darasa la watoto?

Soma Waebrania 11:8–10. Ibrahimu alikuwa na ahadi ya nchi, lakini aliishi ndani yake namna gani? Linganisha na Mwanzo 23:3–20. Ni sehemu gani ya nchi ya ahadi aliyoinunua, na aliinunua mbele ya nani?

______________________________________

Angalia kwamba Ibrahimu hakudharau karatasi za dunia hii, ijapokuwa alitazamia mji wa mbinguni. Alipima fedha mbele ya mashahidi langoni mwa mji, ili pasiwe na mtu wa kumwondoa mkewe kaburini.

JUMATATU
Neno la Miaka Miwili

Anayengoja hujaribiwa kwanza na habari. Leo anasikia majina yametoka. Kesho anasikia yamefutwa. Kesho kutwa anapita mtu anayesema amezungumza na mkubwa fulani, na kwamba kabla ya mavuno kila kitu kitakuwa tayari.

Soma Yeremia 28:1–4, kisha Yeremia 29:4–10. Hanania aliwaambia watu mateka yatakwisha baada ya muda gani? Yeremia alisema muda gani?

______________________________________

Kati ya manabii wawili, Hanania ndiye aliyependeza zaidi. Alisema miaka miwili. Yeremia alisema sabini. Lakini tazama neno la kila mmoja lilimfanyia nini msikilizaji. Anayeamini kwamba ni miaka miwili hajengi, hapandi, haozi binti yake. Anakaa juu ya mzigo uliofungwa. Anayeamini neno la Mungu anaambiwa ajenge nyumba, apande bustani, aoe na kuozesha, na auombee mji anaoishi, kwa sababu amani ya mji huo ni amani yake.

Wazee wetu wa Ufipa walikuwa na kilimo cha matuta ya mviringo. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi hulimwa na kufukiwa chini ya udongo. Mpita njia asiyejua huona vichuguu tu. Lakini ndani ya lile tuta nyasi zinaoza na kuwa mbolea, na msimu unaofuata mkulima hulitawanya na kupanda. Mfipa hakungoja kwa kukaa. Aliifanya kazi ya wakati wa kungoja, kisha akaliacha tuta lifanye kazi yake.

Ni jambo gani umeliahirisha kwa sababu unangoja jibu fulani: ubatizo, ndoa, masomo ya mtoto, huduma kanisani? Je, Mungu amekuambia uliahirishe, au ni sauti ya Hanania?

JUMANNE
Miaka Miwili ya Paulo

Soma Matendo 22:25–29. Jemadari aliupataje uraia wake wa Kirumi? Paulo aliupataje?

______________________________________

Paulo huyu ndiye aliyewaandikia Wafilipi kwamba wenyeji wetu uko mbinguni (Flp. 3:20). Hata hivyo alipofungwa kamba ili apigwe, hakusema kwamba uraia wa mbinguni unamtosha. Aliuliza swali la kisheria. Kwa hiyo ndugu anayehangaikia cheti chake hajapungukiwa na imani. Anafanya alilofanya mtume.

Sasa soma Matendo 24:22–27. Kwa nini Feliki alimwita Paulo mara kwa mara? Paulo alikaa kifungoni kwa muda gani bila kupata uamuzi?

______________________________________

Faili la Paulo halikuwa na upungufu. Feliki alijua habari za Njia ile vizuri. Alichongoja ni fedha. Paulo naye angeweza kuipata: muda si mrefu alikuwa ameleta sadaka Yerusalemu (Mdo 24:17), na rafiki zake waliruhusiwa kumwona. Lakini hakutoa. Kila alipoitwa alinena juu ya haki, na kiasi, na hukumu itakayokuja. Miaka miwili ikapita, liwali akabadilishwa, na Paulo akaachwa gerezani.

Hapa ndipo panapouma. Wako watu ambao wangekwisha kupata walichokitaka kama wangelipa "chai," au wangeandika kwenye fomu mahali pengine pa kuzaliwa, au wangejipa babu asiye wao. Mtu wa namna hiyo atapata karatasi, kisha ataishi siku zote akiogopa swali moja. Tusiseme haya kwa wepesi, kana kwamba kukaa mwaminifu hakuna gharama. Paulo kulimgharimu miaka miwili. Lakini alipofika mbele ya Festo na Agripa, hapakuwa na neno lolote la kumziba mdomo.

JUMATANO
Wana Tayari, Wana Wanaongoja

Soma Warumi 8:15–17, kisha 8:22–25. Katika mafungu ya kwanza, kufanywa wana ni jambo lililokwisha kutokea au linalongojewa? Na katika fungu la 23 je?

______________________________________

Paulo hajisahau. Anasema yote mawili. Tumekwisha kufanywa wana, na bado tunangoja kufanywa wana. Uamuzi umekwisha kutolewa, lakini siku ya kupokea mbele ya watu wote bado haijafika. Mwili bado unaugua, makaburi bado yanachimbwa, na mtu akitutazama kwa macho haoni tofauti kati yetu na wengine.

Waliongoja kati ya 2010 na 2014 wanaweza kutufundisha fungu hili kuliko wengi wetu tuliozaliwa na kila kitu mkononi. Wanajua maana ya kukubaliwa na kutokuwa na cha kuonyesha. Wanajua pia kwamba mwenye kukubaliwa hasimami tena kama asiyejulikana. Jina lake liko mahali fulani, hata kama yeye hajaliona.

Lakini iko tofauti moja kubwa. Wao wakati ule hawakuwa na kitu mkononi. Sisi tumepewa arabuni. Soma Waefeso 1:13, 14. Arabuni hiyo ni nani?

______________________________________

Muuzaji akishika arabuni sokoni, mali haiuzwi tena kwa mwingine. Mungu ametupa Roho wake mwenyewe ili katika kungoja kwetu tusitilie shaka uamuzi wake. Hili halimpunguzii ndugu yetu siku za kwenda ofisini. Linamwambia kwamba thamani yake haijakaa mezani pa mtu yeyote ikingoja muhuri.

ALHAMISI
Daftari la Bwana na Kazi ya Wenyeji

Soma Zaburi 87:4–6. Ni mataifa gani yanayotajwa? Bwana anafanya nini anapowahesabu watu?

______________________________________

Misri iliyowatumikisha, Babeli iliyowachukua mateka, Ufilisti uliopigana nao: watu wa huko wanaandikwa kuwa wamezaliwa Sayuni. Na mwandikaji ni Bwana mwenyewe.

Kama ndivyo Mungu anavyoandika, je, sisi tunaandikaje? Soma Mambo ya Walawi 19:33, 34. Sababu gani imetolewa ya kumpenda mgeni kama mzalia?

______________________________________

Israeli walikumbushwa Misri ili wasiseme "wale." Huku kwetu neno "mkimbizi" bado hutumika kumtukana mtu aliyezaliwa hapa, na wakati mwingine hutamkwa hata katika uwanja wa kanisa. Anayelitamka hivyo ajue analitamka mbele ya Yule aliyekimbizwa Misri usiku akiwa mtoto (Mt. 2:13–15).

Upendo unaotajwa katika Walawi una miguu. Sheria yetu humtaka mwombaji awe ameishi nchini miaka isiyopungua saba kati ya kumi iliyotangulia, na miezi kumi na miwili ya mwisho mfululizo, awe na mwenendo mwema, na ajue Kiswahili au Kiingereza. Ni nani atakayeeleza mwenendo wake, kama si watu walioabudu pamoja naye? Ni nani atakayemsaidia asiyejua kusoma fomu vizuri? Mambo haya hayahitaji karama ya unabii. Yanahitaji asubuhi moja ya Jumatatu.

IJUMAA

Kwa kujifunza zaidi: Turudi kwa fundi cherehani. Siku za kuandikishwa kule makazini yeye alikuwa amekwisha kuhamia Sumbawanga kujifunza ushonaji, hakupata habari kwa wakati, na jina lake halikuingia. Ndiyo maana aliomba peke yake, kwa njia ndefu inayoishia kwa Waziri wa Mambo ya Ndani.

Sabato ile darasa halikumaliza somo. Mwalimu alimwomba msamaha mbele ya wote, si kwa fundisho, maana fundisho ni kweli, bali kwa kulisema kana kwamba halina uzito. Jumatatu mzee wa kanisa alifuatana naye kwa mwenyekiti wa mtaa, wakakaa benchi moja tangu saa mbili mpaka saa saba. Hawakupata jibu siku hiyo. Ndugu yetu anangoja hata sasa. Lakini amekubali kufundisha vijana wanne kushona, na ameweka msingi wa chumba cha pili cha nyumba yake. Alipoulizwa kwa nini anajenga wakati hajui mwisho wake, alijibu, "Yeremia hakusema tujenge tukishapata cheti."

Mungu hakumwahidi yeyote kati yetu kwamba ofisi za dunia zitakwenda haraka. Ameahidi kwamba hataona haya kuitwa Mungu wa watu wanaotamani nchi iliyo bora, maana amewatengenezea mji (Ebr. 11:16). Siku ile hatakuwapo mgeni wa mahubiri wala mgeni wa ofisini.

Maswali ya kujadili:

1. Je, kuna njia ambayo tunatumia tumaini la mbinguni kukwepa kumsaidia mtu mwenye shida ya duniani? Toeni mfano wa hapa kwenu, bila kutaja majina.

2. Mshiriki anakuambia kwamba ombi lake limekaa miaka mingi, na ameambiwa akitoa kitu kidogo litapita. Watoto wake wanahitaji karatasi ili waendelee na masomo. Utamshauri nini? Na kanisa litabeba sehemu gani ya gharama ya uaminifu wake?

3. Je, katika kanisa lenu yuko anayengoja jibu ambalo hakuna mtu amewahi kumuuliza habari zake? Amueni kabla ya kufunga darasa nani atakayemtembelea juma hili, na siku gani.