Nyakati Nne za Mtoto

Somo: Kumbukumbu la Torati 6:4-9

Musa alipowaagiza wazazi wafundishe watoto neno la Mungu, alitaja nyakati nne: kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Kila nyumba inazo, hata ile ya chumba kimoja.

Mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma saa, lakini anajua mfuatano. Akishaoga anakula, akishakula mnaomba, mkishaomba analala. Mambo yakifuatana vivyo hivyo kila siku, moyo wake unatulia. Lakini leo alale saa 2, kesho saa 5 mbele ya runinga, halafu asubuhi akilia tunasema ana ukaidi! Mpendwa, usikemee pepo mahali panapohitaji kitanda.

1. Kuamka. Asubuhi ni mbio, najua, na matatu haingoji mtu. Usitafute ibada ndefu. Mshike mkono, mtaje kwa jina mbele za Bwana, sentensi mbili zinatosha.

2. Njiani. Ukimpeleka PP1, simu ikae mfukoni. Mshukuruni Mungu kwa mnachokiona: mvua, ng'ombe, mama anayeuza mandazi.

3. Kuketi. Chagueni mlo mmoja ambao mtakula pamoja, runinga ikiwa imezimwa. Wewe unayerudi kazini watoto wakiwa wamelala, chagua uji wa asubuhi. Na dada anayebaki nao mchana aijue ratiba hiyo, aombe nao, naye aheshimiwe kama mtu wa nyumba.

4. Kulala. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana. Aliyelala saa 4 usiku akaamshwa saa 11 alfajiri amepata saa 7 tu. Akina baba, hapa nawaomba ninyi: ombi la kulala liwe lenu. Mama asibebe ratiba yote peke yake.

Kwa nini nasisitiza? Soma Danieli 6:10. Amri ya mfalme ilipotoka, Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, kama alivyokuwa akifanya tangu awali. Zoea la maombi lilitangulia tundu la simba. Watoto wetu nao watakutana na simba wao siku ambayo mimi na wewe hatuko karibu. Magoti yao yatakumbuka tulichowazoeza.

Zoezi la wiki: Usianze na nyakati zote nne. Chagua mmoja, uushike siku saba mfululizo. Siku ikikuponyoka, endelea kesho yake.

Ombi: Baba, tupe nguvu tukiwa tumechoka, na nyumba zetu ziwe mahali ambapo mtoto anajua wewe upo. Katika jina la Yesu, amina.