Ukoo na Kazi Katika Mchezo wa Mezani

Wakati wa likizo baadhi yetu wa vidato vya juu hukutana, mara Jinja, mara Mbale, tukaizunguka meza yenye karatasi, penseli na dadu. Hatuchezi kamari. Mchezo wetu huitwa Dungeons & Dragons, nao ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja wetu huwa mwongozaji, naye hueleza safari na hatari zake. Wengine hujitungia kila mtu mhusika wake, wakamsemea na kumwamulia. Jambo likiwa na mashaka, hutupwa dadu yenye nyuso 20.

Wengi wameniuliza jinsi ya kumtunga mhusika. Yako mambo mawili makubwa, ukoo na kazi. Ukoo ni uzawa wake: binadamu, kibeti wa milimani, elfi mwenye masikio marefu, na wengineo. Kazi ni ufundi wake: askari, kasisi, mwizi, au bingwa wa mazingaombwe. Tena kila mhusika ana sifa sita, yaani nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Njia nyepesi ni kuzigawia sifa hizo namba 15, 14, 13, 12, 10 na 8, upendavyo.

Sasa lipi litangulie, ukoo au kazi? Nalieleza jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea.

Likizo moja tulikuwa Mbale, nami ndiye mwongozaji. Mwenzetu mmoja ni kijana wa Kigisu, mwenyeji wa huko, mpana wa mabega. Kabla hajafungua kinywa nilikwisha kuandika katika karatasi yake neno "askari". Nikamwambia, "Ninyi watu wa Mlima Elgon huzaliwa mashujaa. Utakuwa nini kingine?" Wenzetu wakacheka. Yeye hakucheka. Alichukua kifutio, akalifuta lile neno, akasema, "Ndugu yangu, tohara yetu hunifanya mwanamume. Hainichagulii kazi." Kisha akaandika: kibeti wa milimani, bingwa wa mazingaombwe.

Nilimwona mpumbavu. Katika kitabu tulichotumia, cha mwaka 2014, kibeti wa milimani huongezewa 2 katika nguvu na 2 katika ustahimilivu, wala hapati kitu katika akili, ambayo ndiyo mtaji wa bingwa wa mazingaombwe. Elfi wa daraja la juu huongezewa 1 katika akili. Basi elfi mwenye akili 15 hufika 16, na kila atupapo dadu kwa akili huongeza 3. Kibeti hubaki na 15, huongeza 2 tu. Lakini pigeni hesabu. Tofauti ya 1 katika dadu yenye nyuso 20 ni kama bahati ya mara moja katika mara 20. Na bingwa wa mazingaombwe ana udhaifu mwingine mkubwa zaidi: mwili wake ni mwepesi kuumizwa, wala kazi yake haimfundishi kuvaa deraya. Kibeti wa milimani hufundishwa na watu wake kuvaa deraya nyepesi na za kadiri.

Siku ile wahusika wetu walizingirwa pangoni. Elfi mwenye akili 16 alianguka kwa mshale wa pili. Kibeti alisimama mlangoni mwa pango katika deraya yake mpaka wenzake wote wakatoka.

Baadaye nilijifunza kwamba kosa langu lilikuwa kosa la zamani katika mchezo wenyewe. Katika kanuni za 1974 kibeti aliruhusiwa kuwa askari tu, wala hakuweza kupita ngazi ya 6. Ilikuwa kama tusemavyo, mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwaka 2000 kanuni za toleo la tatu ziliruhusu ukoo wowote ufanye kazi yoyote. Mwaka 2020 kitabu cha nyongeza kiliruhusu mchezaji kuhamisha zile nyongeza za sifa apendapo. Na kitabu cha 2024 kiliziondoa kabisa katika ukoo, kikazitia katika malezi: je, mhusika alikuwa mkulima, au askari, au msomi? Imechukua miaka 50.

Basi anayeanza na afuate hivi. Kwanza, chagua kazi unayoipenda. Pili, weka namba yako kubwa katika sifa inayotakiwa na kazi hiyo. Tatu, tafuta udhaifu wa kazi, kisha chagua ukoo utakaoziba pengo, si ule unaokuongezea ulicho nacho tayari. Nne, jiulize mhusika wako alijifunza wapi, na kwa nani.

Kwetu Busoga, na kwao Bugisu, mtoto hufuata ukoo wa baba. Hakuna achaguaye, wala mimi siuonei haya ukoo wangu. Lakini sisi wa kidato cha sita tuko karibu kuchagua masomo ya chuo kikuu, na hapo hakuna kifutio. Rafiki yangu wa Mbale anataka kusomea hesabu. Kila mgeni akiyaona mabega yale humwambia aende jeshini. Enyi mliosoma hapa kabla yetu, mnapotutembelea na kutushauri, tunawaomba mtuulize kwanza tumejifunza nini, ndipo mtuulize tu wana wa nani.

Mimi nami nilikuwa kama wale wageni. Nimemwomba radhi, na likizo ijayo yeye ndiye mwongozaji.