Mficha Uchi Hazai

Somo hili lisomwe kwa sauti kikundini, kina mama, kina baba na vijana wakiwa pamoja kama inawezekana. Mkutano mmoja usipotosha, fanyeni miwili.



Tumezoea kuzungumza juu ya visima, mbuzi wa maziwa na michango ya chama. Leo tunaleta jambo ambalo mikutano mingi hulikwepa: mambo ya mwili, ya mume na mke, na yale tunayowakataza watoto wasiyaone wala kuyasikia. Wengine watasema, "Hayo si ya kutajwa mbele za watu." Ni kweli, adabu ni kitu kizuri. Lakini wazee walisema mficha uchi hazai. Hawakutaka tutembee uchi. Walijua kwamba mama anayemwonea haya mkunga atapata taabu, yeye na mtoto. Basi iko haya inayolinda, na iko haya inayoua. Tujifunze kuzitofautisha.

1. Zamani nani alifundisha?

Siku hizi husemwa kwamba zamani mambo haya hayakutajwa kabisa. Sivyo. Hayakutajwa ovyo, lakini yalikuwa na mwalimu wake. Kule pwani msichana alikuwa na somo wake au kungwi, mwanamke mtu mzima aliyemfunza alipovunja ungo, na tena kabla ya kuolewa. Kwa Wajaluo, wasichana walilala katika nyumba ya nyanya, siwindhe, wakafunzwa kwa hadithi na vitendawili. Kwa Wakikuyu na Wameru mafunzo yalikuja wakati wa tohara. Mzazi aliona haya mbele ya mwanawe, lakini alijua nani anasema kwa niaba yake.

Mwaka 1929 misheni kadhaa katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka waumini waape kuacha tohara ya wasichana. Wengi walikataa, wakatoka, na katika miaka iliyofuata wakajenga shule zao za kujitegemea. Kukeketa kunaumiza na kunaua, na kulistahili kukatazwa. Lakini tuangalie jambo moja. Desturi ile ilikuwa na vitu viwili ndani yake: kisu na mafunzo. Waliokataza walitazama kisu. Ni wachache waliouliza: Mafunzo yale sasa atayatoa nani?

2. Miaka 15 ya kunong'ona

Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Kenya alijulikana mwaka 1984. Serikali ilitangaza ukimwi kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999. Hesabu wenyewe: ni miaka 15. Katika miaka hiyo watu walizikwa na ikasemwa ni kifua, ni kurogwa, ni chira. Katikati ya miaka ya 1990 viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, walichoma kondomu na vitabu vya mafunzo ya uzazi hadharani pale Uhuru Park, Nairobi. Walikuwa na sababu yao: waliogopa kwamba kumweleza kijana ni kumpa ruhusa.

Hofu hiyo tuiheshimu, lakini tuipime. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba, katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wamewahi kupata mimba. Samburu walikuwa 50 katika kila 100. Nyeri na Nyandarua walikuwa 5. Miongoni mwa wale ambao hawakusoma kabisa, walikuwa karibu 4 katika kila 10. Miongoni mwa waliosoma kupita sekondari, walikuwa 5 katika kila 100. Umaskini na ndoa za mapema zina sehemu yake kubwa. Lakini kama kujua mambo ndiko kunakoharibu watoto, basi waliosoma zaidi ndio wangeharibika zaidi. Hesabu inasema kinyume.

3. Mkaguzi hawezi kukaa ndani ya simu

Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani ilitungwa mwaka 1962, kabla ya Uhuru. Wakati huo picha ilifika kijijini kwa gari la sinema, na mkaguzi angeweza kuikata kabla haijaonyeshwa. Sheria hiyo ilitumika hata juzi juzi: mwaka 2014 filamu ya Marekani, The Wolf of Wall Street, ilipigwa marufuku nchini. Hatusemi ukaguzi hauna kazi. Filamu ya watu wazima si ya mtoto. Kama banda la video hapo sokoni linawaingiza watoto wa shule, kikundi kina haki ya kwenda kumwona mwenyewe, na akikataa, kumwona chifu.

Lakini simu haina mlango wa kulindwa. Ukimnyang'anya mtoto simu yako, ataona kwa simu ya rafiki yake. Kitakachomlinda siku hiyo ni yale aliyoambiwa mapema. Ameambiwa nini? Kwamba zile picha ni maigizo ya watu wanaolipwa, si mapenzi ya mtu na mwenzake. Kwamba yeyote anayemwomba picha ya mwili wake anamtakia mabaya, hata akiwa mtu wa nyumbani. Na kwamba akija kusema, hatapigwa. Hili la mwisho ndilo kubwa. Mtoto anayeogopa fimbo hanyamazi peke yake, hunyamaza pamoja na adui yake.

4. "Alinifanyia tabia mbaya"

Watoto wetu waliodhulumiwa wakifika mahakamani, mara nyingi husema hivi: "Alinifanyia tabia mbaya." Mahakama zetu zimekubali kwamba hivyo ndivyo watoto wanavyosema, kwa sababu ya haya. Lakini tujiulize, maneno hayo waliyapata wapi? Waliyapata nyumbani. Hatukuwapa majina ya sehemu za mwili, tuliwapa tu neno "mbaya." Mtoto husikia ubaya huo kama wake.

Sheria ya makosa ya ngono ya mwaka 2006 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na anayemnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini anastahili kifungo cha maisha. Lakini sheria haiwezi kuanza kazi mpaka mtoto aseme na mtu mzima amsikie. Tena asikiwe mapema: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafaa tu zikianzwa kabla ya masaa 72 kupita. Wazee wakikaa siku 4 wakijadili mbuzi wa faini, muda umekwisha. Mpelekeni mtoto hospitali kwanza, na asioge kabla ya kufika. Simu ya watoto ni 116, haina malipo.

5. Tharaka walivyofanya

Mwaka 1996 kina mama wa Tharaka, wakisaidiwa na Maendeleo ya Wanawake, walianza njia yao. Waliiita Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walikaa ndani siku kadhaa kama zamani. Wanawake wazima waliwafunza juu ya mwili, afya, heshima na kujiamini. Kisha wakatoka kwa sherehe, nyimbo na zawadi. Kisu tu ndicho kilichobaki nje.

Mwaka 1998 wanawake 38 katika kila 100 nchini walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 15. Sheria ya mwaka 2011 ilisaidia, na shule zilisaidia. Lakini kina mama wale walijibu lile swali la 1929: walipoondoa kitu, walikuwa tayari na kitu cha kuweka mahali pake. Hilo ndilo somo letu la leo. Kila mnapokataza, semeni pia nani atafundisha.

IGIZO FUPI

Wanakikundi wawili waigize.

Msichana: Mama, leo mwalimu ametufundisha habari ya hedhi. Nilikuwa nataka kukuuliza kitu...

Mama: Hayo mambo umeyatoa wapi? Hebu nenda ukateke maji!

Msichana: Haya, mama. (Anatoka na mtungi. Anasimama mlangoni, anarudi kumtazama mama, kisha anaenda.)

Sasa wengine waigize tena, lakini mama ajibu vingine. Si lazima ajue kila kitu. Anaweza kusema, "Keti hapa, mwanangu. Lile nisilolijua tutamuuliza shangazi yako."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Baada ya kufukuzwa, msichana yule atamuuliza nani? Taja watu wa hapa kwetu bila kutaja majina yao.

2. Wewe ulifunzwa na nani? Ulifunzwa nini ambacho kilikufaa, na nini kilikupotosha?

3. Je, wavulana wetu wanafunzwa na nani kuheshimu wasichana?

4. Ni mambo gani yanafaa kukatazwa kwa watoto hapa kijijini? Kwa kila moja, andikeni nani atawaeleza sababu.

KAZI YA KIKUNDI

Chagueni wanawake wawili na wanaume wawili ambao vijana wanawaamini na ambao hawana sifa mbaya. Mwombeni muuguzi wa zahanati awafunze kwa nusu siku. Wazazi waambiwe mapema yatakayofundishwa, ili pasiwe na fununu. Kisha likizo ya Agosti itakapofika, wasichana wakae na wale mama, wavulana na wale baba, na mwishoni kina mama wapike chakula cha wote. Gharama yake haizidi unga, maharagwe na siku mbili za watu wazima waliokubali kuketi na watoto na kuwajibu.