Somo la Hesabu: Bendera Ndogo Ndani ya Mashini



Kila asubuhi tunapandisha bendera. Munajua ya kama mashini ya kuhesabu nayo iko na bendera zake?

1. Bendera ni nini?
Ndani ya telefone na kompyuta muna kipande kinachohesabu, kinaitwa prosesa. Kikimaliza hesabu kinaacha alama: 1, bendera imepanda, ao 0, imeshuka. Prosesa za aina ya ARM, zilizo katika telefone nyingi, ziko na bendera 4:
N: jibu ni chini ya zero.
Z: jibu ni zero.
C: kuna kilichobaki cha kubeba.
V: jibu lenye alama (+ ao −) limepita kipimo.

2. Mfano
Nafasi ya biti 8 inapokea 0 mpaka 255. Tujumlishe 200 na 100. Jibu ni 300, lakini haliingii. Mashini inatoa 256, inaandika 44, na C inapanda. Asiyeangalia bendera atasema 200 na 100 ni 44!

3. Kulinganisha
Mama yuko na franka 5000 ndani ya telefone, anataka kutuma 7000. Kompyuta ya kampuni haijui neno “haitoshi”. Inafanya tu 5000 − 7000. Bendera ya chini ya zero inapanda, programu inaiona, njo inakataa. Kama angetuma 5000 kamili, Z ingepanda.

4. Hatari
Tarehe 4 Juni 1996, roketi Ariane 5 ya Ulaya ilivunjika karibu sekunde 40 baada ya kuruka. Namba kubwa iliingizwa katika nafasi ya biti 16. Prosesa ilitoa onyo, lakini programu haikutayarishwa kulipokea. Luka 16:10 inatufundisha uaminifu katika kitu kidogo. Bendera ya biti moja ni kidogo sana.

5. Kwa nini tusome haya?
Kasiterite ya Bisie, hapa kwetu Walikale, inatoa bati, na bati njo linaunganisha vipande vya mashini hizi. Udongo wetu uko ndani yake tayari. Akili yetu nayo iingie.

Zoezi: Kwa biti 8, jumlisha 150 na 106. Mashini itaandika nini? Kati ya Z na C, bendera gani itapanda? Angalieni vizuri: si lazima iwe moja tu.