Kazi Ndogo za Nyumbani na Malezi ya Mtoto

Wazazi wengi hulalamika ya kwamba mtoto wao wa miaka kumi hapendi kazi: akitumwa hunung'unika, na akiifanya huilipua. Lakini mtoto huyo huyo, alipokuwa na miaka mitatu, alimfuata mama yake akiomba ufagio, naye akaambiwa, "Toka hapa, unanichelewesha!" Basi alitoka. Je, ni ajabu kwamba hakurudi?

Tarehe 6 Januari 1907, daktari wa Kiitalia, Bibi Maria Montessori, alifungua nyumba ya kulelea watoto ambao hawajafikia umri wa shule katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Rome. Katika malezi yake watoto hao walizoezwa kunawa, kufagia na kuandaa meza, kwa viti na meza zilizolingana na vimo vyao. Tena alitaka watumie vyombo vya udongo na vya kioo, kwani chombo kisichovunjika hakimfundishi mtoto uangalifu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mtoto apewe kazi ya kweli, ambayo isipofanywa kitu hupungua nyumbani. Wa miaka mitatu aweza kupanga viatu mlangoni au kugawa vijiko mkekani. Wa miaka minne aweza kuambua maharage mabichi, au kukabidhiwa kopo la mtama wa kuku. (Moto, kisu na kisima si vya umri huu.) Na wavulana wasiachwe nje, anayedhani ufagio ni wa wasichana tu anamlea mwanawe awe mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Aonyeshwe polepole, kwa maneno machache. Lililo gumu zaidi ni la mzazi: mtoto akimaliza kufagia, asiuchukue ule ufagio na kufagia upya mbele ya macho yake. Uchafu uliosalia pembeni hauna madhara kama somo hilo, ya kuwa kazi yake ilikuwa bure. Akimwaga maji, apewe kitambaa badala ya kofi. Wala kazi isifanywe adhabu, wala isinunuliwe kwa peremende.

Na siku akisahau kuku, mzazi asiwalishe kwa siri. Amshike mkono, ampeleke bandani, awaone wanavyodonoa ardhi tupu, kisha ampe kopo lake.